Chumba cha Mama Kwenye Makadirio

Jumamosi saa nne asubuhi kaka mkubwa alifuta meza kwa mkono wa shati, akaweka penseli, kifutio na rula, akamwita dada yake aje kuandika. Mwandiko wake mwenyewe haukusomeka hata na yeye. Alikuwa mtunza stoo kwenye kiwanda cha magodoro, na kazini kulikuwa na msichana wa kumwandikia. Nyumbani kulikuwa na kitindamimba.

Kitindamimba alileta daftari lake la hesabu la darasa la sita. Kurasa za mwanzo zilikuwa na sehemu na desimali, na vema za mwalimu kwa kalamu nyekundu. Kuanzia katikati lilikuwa tupu, kwa sababu miaka miwili iliyopita kaka alisema mwaka huu ni wa saruji, mwaka kesho ndio wa shule, na mwaka uliofuata ukawa wa kokoto. Kutupa daftari zima ingekuwa hasara. Juu ya ukurasa mtupu akaandika Makadirio ya Nyumba, akapiga mstari chini yake.

Nyumba ilikuwa na sebule, jiko, chumba cha kaka na mkewe, chumba cha watoto wao wawili, chumba cha mama, stoo, na baraza ya mbele yenye nguzo nne. Kitindamimba angelala na mama.

Kiwanja kilinunuliwa kwa fedha za mama. Baba alipokufa, mama aliuza nyumba yake ndogo ya vyumba viwili, akamkabidhi mwanawe bahasha mbele ya majirani, akaja kukaa naye kwenye nyumba ya kupanga. Aliomba kitu kimoja tu: chumba chenye dirisha upande wa mashariki, ili jua la asubuhi limkute kitandani, kwa sababu magoti yake yalichelewa kuamka kuliko yeye.

"Futi kumi na mbili kwa kumi na mbili," kaka alisema. "Mama ajinafasi."

Kitindamimba akaandika.

Fundi waliyempata alikuwa na utaratibu wake. Hakujenga chumba cha mtu ambaye hajamwona amelala. Jumapili adhuhuri aliwakusanya wote kiwanjani, akatandika turubai, akawalaza mmoja mmoja na kuwazungushia chokaa. Kaka alilala chali, miguu huku na mikono kule, kama mtu aliyeanguka kutoka juu ya paa. Mkewe akalala vivyo hivyo pembeni yake. Watoto waligaagaa, na fundi akapima hadi pale walipofika. Mama alilala kiubavu, akakunja magoti, akavuta gauni lifunike visigino.

"Mama, jinyooshe," fundi alisema. "Nakupimia chumba, sikupimii sanduku."

"Hapa panatosha, mwanangu. Watu wanapita."

Fundi akamgeukia kitindamimba, aliyesimama na daftari kifuani. "Na huyu je?"

"Huyo analala na mama," kaka alisema.

Kwa hiyo kitindamimba hakupimwa.

Wiki ile ile saruji ilipanda. Kaka alirudi kutoka dukani na karatasi ya bei, akaisoma akiwa amesimama mlangoni, viatu mkononi. Walikaa mezani na kutafuta pa kupunguza. Sebule haikupungua kwa sababu makochi yalishalipiwa nusu. Chumba cha watoto hakikupungua kwa sababu watoto wanakua. Mke wa kaka aliulizwa kuhusu nguzo.

"Tatu?" alisema. "Nyumba itaonekana kama kiti kilichovunjika mguu."

Kaka akamwambia dada yake afute kumi na mbili kwenye chumba cha mama na kuandika kumi. Kitindamimba alifuta, akapuliza vumbi la kifutio, akaandika kumi.

Asubuhi iliyofuata mama alitoka chumbani akiwa ameinua gauni kwa mikono yote miwili ili asilikanyage. Alikuwa akimfikia mkwewe puani. Sasa alimfikia kwapani.

"Mama, umepungua," mke wa kaka alisema, huku akimmiminia chai.

"Saruji imepanda," mama alijibu, akakaa.

Kitindamimba alitafuta sindano na uzi, akapiga magoti, akapandisha pindo la gauni mama akiwa bado anakunywa chai. Baadaye akapandisha na mapindo ya yale mengine mawili. Hakukata kitambaa. Alikikunja kwa ndani, kikabaki pale, kwa siku ambayo bei ingeshuka.

Bei haikushuka. Zilipanda nondo, na chumba kikawa futi nane. Miguu ya mama ikaacha kugusa sakafu akikaa kwenye kiti, ikawa inaning'inia, na jioni ilivimba. Kaka alimletea kibao cha kuwekea miguu kutoka kiwandani. Alikuwa mtoto mwema; hakumsahau mama yake dukani wala kazini.

"Bosi," fundi alimwambia kaka siku moja, akichora upya mistari ya chokaa, "chumba cha bibi kikizidi kusogea kitanikimbia mkononi."

"Hali ndivyo ilivyo, fundi. Wewe chora."

Mdogo wake mama alikuja kumsalimia. Alimwinamia mlangoni, wakashikana mikono, akamtazama juu hadi chini.

"Kumbe na nyie mmeanza kujenga," alisema.

"Tumeanza," mama alisema.

"Hongereni. Sisi tulipojenga, mama mkwe alifikia ukubwa wa birika. Hakutusumbua hata siku moja, Mungu amrehemu." Akaomba maji ya kunywa, wakazungumza habari za watoto.

Mabati yalipopanda, chumba kikawa futi sita. Sasa mama alilala kwenye mto mmoja wa kochi, na alioga kwenye beseni la kuoshea vyombo. Shuka moja ilikatwa zikatoka nne. Alikula vijiko viwili, akashiba kweli, hakujilazimisha. Kaka ndiye aliyeona kwamba hapo kuna kitu kimebaki. Jumamosi ile alimwambia dada yake aandike mstari mpya upande wa mapato: chakula cha mama, pungufu. Kwa mwezi kilifika bei ya mifuko miwili ya saruji.

"Unaona, mama," alisema. "Na wewe unajenga."

"Nimejenga tangu zamani," mama alisema kutoka kwenye mto wake. Sauti yake nayo ilikuwa imepungua, na kaka alikuwa akijumlisha.

Jumatatu nyumba ilikuwa tupu. Kaka alikuwa kazini, mkewe sokoni, watoto shuleni. Kitindamimba alikuwa akifua. Mama alitaka kutoka nje aote jua, lakini hakufikia komeo la mlango. Hakuita. Alisimama tu akaliangalia, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri zamu yake hospitali. Kitindamimba alipoingia kuchukua sabuni alimkuta hapo. Hakujua alikuwa amesimama kwa muda gani.

Alifungua mlango, akamtoa nje, akamketisha kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kisha akarudi ndani, akafuta mikono kwenye sketi, akafungua daftari. Ile sita aliiandika mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri. Akaongeza kitanzi kidogo juu yake, ikawa nane.

Mchana mama alijifungulia mlango kwa kujinyoosha. Alienda bombani mwenyewe na kikombe chake. Aliosha sahani yake, akaosha na za wenzake, na alipokuwa akiosha aliimba kitu kisicho na maneno. Kitindamimba aliachia pindo moja la gauni. Wawili hao hawakuzungumza jambo lile.

Kaka alirudi, akamwona mama amesimama mbele ya sinki, akasema, "Leo umeamka vizuri," akaenda kubadili nguo.

Ilichukua hadi Jumamosi. Kaka alijumlisha mara tatu, na mara zote matofali yalizidi kwa mia moja na arobaini. Akapitia ukurasa kwa ncha ya penseli, mstari kwa mstari, akasimama kwenye chumba cha mama. Akaleta daftari karibu na macho.

"Hii nane imetoka wapi?"

Kitindamimba alitazama meza. Alikuwa na maneno, lakini maneno yake siku zote yalifika watu wakiwa wameshaondoka.

"Nilimwambia mimi," mama alisema.

Kaka aliweka penseli chini. Hakukasirika. Alivuta kiti akakaa karibu na mama yake, akamshika mkono, na mkono ukaenea wote ndani ya kiganja chake.

"Mama, sikatai. Nane ni haki yako. Lakini hizo mia na arobaini nitazitoa wapi? Nimebakiwa na nguzo tu. Nikitoa nguzo moja, wewe unabaki na nane yako, na kumi labda. Nakuachia wewe. Sema."

Mke wa kaka alizima redio.

Kitindamimba alimtazama mama yake, akataka aseme nguzo. Alilisema lile neno mdomoni mwake, bila sauti. Mama aliangalia miguu yake, ambayo wiki ile ilikuwa haijavimba.

"Nguzo tatu zitaonekana vibaya," mama alisema.

"Umesema mwenyewe," kaka alisema taratibu, na macho yake yalikuwa na unyevu wa kweli. Akampa dada yake kifutio.

Baada ya hapo mambo hayakuwa na vikao virefu. Vigae vilihesabiwa pungufu, chumba cha mama kikaunganishwa na stoo. Stoo ikahitaji rafu za mifuko na pasi na feni, mama akabakiwa na rafu ya chini, kisha nusu ya rafu ya chini. Fundi alikuwa mtu mwenye moyo. Alipofika juu ya mlango wa jiko, upande wa mashariki, aliacha tofali moja bila kuliweka, akasema ni kwa ajili ya hewa. Kisha akamwita kitindamimba pembeni.

"Lile tundu nimepiga plasta mpaka ndani. Halitamchubua. Na jua linaingia, nililipima saa moja asubuhi."

"Asante, fundi," kitindamimba alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake kwa miezi saba.

Siku ya kuhama, kitindamimba alimbeba mama ndani ya kikombe cha bati kilichotandikwa kitambaa, akatembea kwa miguu badala ya kupanda gari la mizigo, kwa sababu gari lile lilirusha watu hata pasipo na matuta. Magauni yote matatu aliyaweka kwenye mfuko. Alikuwa ameyapunguza mara nyingi hivi kwamba mapindo yalikuwa mazito kuliko gauni, na mwishowe alimshonea mama gauni jipya kutoka kwenye pindo tu.

Wageni walikuja. Walisimama barabarani kwanza, wakatazama nguzo. Zilikuwa nne, nyeupe, nene kiunoni na nyembamba shingoni. Kaka aliwapitisha chumba kwa chumba, akifungua na kufunga bomba ili waone maji. Mdogo wake mama aliuliza, "Na dada yangu mmemweka wapi?"

Kaka akaonyesha juu ya mlango wa jiko. "Pale. Upande wa mashariki, kama alivyotaka."

Wageni waliinua vichwa, wakamsalimia mmoja mmoja, wakubwa kwa wadogo. Mama aliwaitikia wote. Waliokuwa warefu walisikia. Kisha mke wa kaka akaita watu waje kula, na jiko likafungwa ili moshi usiingie sebuleni.

Kitindamimba alitandika sakafuni, chini ya lile tundu. Alikuwa bado na urefu wake wote, kwa sababu hakuna aliyewahi kuupima. Asubuhi alisimama juu ya debe na kumpandishia mama chai kwenye kifuniko cha soda.

"Magoti?"

"Leo yamewahi," mama alisema. "Jua limeyakuta."

Baada ya mwezi mmoja kaka alifuta meza mpya kwa mkono wa shati. Nyumba kama ile haikai bila ukuta na geti, alisema, watu wanachungulia. Na geti linataka mtu wa kulifungua. Kwa hiyo alikuwa amefikiri, na mkewe amekubali, dada yake ajengewe chumba chake mwenyewe, kule nyuma ya geti.

"Na wewe ni mtu," alimwambia. "Huwezi kulala jikoni maisha yako yote. Leta daftari."

Fundi alishafika. Alikuwa nje, ametandika turubai, debe la chokaa mkononi. Safari hii hakutania.

Kitindamimba alipita chini ya mlango wa jiko. Mama alikuwa ametoa kichwa kwenye tundu.

"Mwanangu," mama alisema, na kitindamimba akasimama juu ya debe ili asikie. "Usilale kama mimi. Lala chali. Nyoosha miguu, nyoosha na mikono. Wanaopita wapite."

Akaenda. Alilala chali katikati ya turubai, jua likimpiga usoni, akanyoosha miguu mpaka vidole, akapeleka mikono juu ya kichwa mpaka mabega yakauma. Barabarani watu walipita. Alifumba macho na hakujikunja. Fundi alimzunguka na chokaa polepole, akiacha nafasi kila upande, zaidi kidogo ya ilivyohitajika, akafungua futikamba na kusoma kwa sauti.

"Tisa kwa tisa."

Kaka, aliyekuwa ameegemea nguzo ya pili, alisema tisa ni nzuri, tisa ni haki yake kabisa, tuanze na hiyo halafu tutaona bei ya saruji. Kitindamimba aliinuka, akajikung'uta chokaa, akachukua daftari na kuandika tisa.

Kisha, bila kuambiwa, akaingia ndani kutafuta sindano na uzi.