Wimbi Lisilo na Kona

Babu aliishi kwa mashine. Ilikaa sakafuni kando ya kitanda, ikivuta hewa ya chumba, ikichuja oksijeni na kumpelekea puani kwa mrija mwembamba. Umeme ukikatika nayo ilizimika, na mtungi wa akiba haukudumu. Ndiyo maana baba mkubwa alikata shauri: Jumamosi angemhamishia kwake, kwenye jenereta.

"Nikafie ghorofani kwa watu?" Babu alinung'unika. "Mchumba, fanya kitu."

Mchumba ni mjukuu wake, aliyemaliza chuo mwaka huo na shahada ya umeme. Inveta ya kwanza aliyoiunda, ya kugeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, iliwasha taa vizuri, nyumba nzima ikapiga vigelegele. Walipoiunganisha na mashine, ikanguruma na kupiga king'ora. Kumbe alikuwa ameijaribu kwa balbu tu, na balbu haichagui umeme. Mota ya mashine ilitaka wimbi laini la umeme. Lake lilikuwa na kona kama ngazi.

Akaanza upya. Usingizini aliona wimbi likipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala, akaamka akilichora. Swichi zingekatakata umeme wa betri vipande vyembamba, kisha koili ivilainishe. Koili waliisuka sebuleni, mama akinyoosha waya wa shaba, yeye akizungusha na kuhesabu kimoyomoyo. Kusema ilikuwa marufuku.

"Mmefika wapi?" Babu aliuliza kutoka chumbani.

"Babu! Umenipoteza!"

"Basi anza tena, mchumba. Kwani mimi naenda wapi?"

Swali hilo lilimchoma. Akaanza tena.

Jumamosi baba mkubwa aliketi chumbani kwa Babu, funguo za gari mkononi. "Mwanangu, huyu ni baba yangu, si mradi wa chuo."

"Najua, baba mkubwa. Inveta mpya nimeshaiunganisha. Subiri kidogo."

Wakapiga soga. Babu akasinzia, mashine ikihema taratibu pembeni. Jioni, kabla taa hazijawashwa, baba mkubwa akaenda jikoni kutafuta maji baridi.

"Friji lenu limekufa?"

Mama akabonyeza swichi ya taa. Haikuwaka. Wote wakageukia chumbani. Mashine ilikuwa inahema vilevile, sauti haijabadilika hata chembe.

"Umekatika saa ngapi?"

Hakuna aliyejua. Mjukuu akagusa koili: vuguvugu tu, haikuchemka. Machozi yakamlengalenga.

"Betri itatosha mpaka asubuhi?" baba mkubwa akauliza.

"Itatosha."

Baba mkubwa akatia funguo mfukoni, akampigia mkewe. "Kile kitanda warudishie watoto," alinong'ona. "Mzee amelala kwake."