Kama Tulimkosea

Jumamosi alasiri Asadi alikuwa anapaka chokaa mstari wa goli la upande wa mikorosho, maana aliyepangiwa kazi hiyo alikuwa amejificha hosteli, alipomwona Thabiti anakuja. Thabiti alikuwa golikipa wa Chuo cha Ufundi Mwambao mpaka alipofariki, wiki chache kabla ya ligi ya vyuo kuanza. Alikuja kwa miguu, amevaa sanda, ameipandisha na kuifunga kiunoni isimkwaze. Akatoa salamu. Asadi akaitikia, akamwomba asikanyage chokaa kwa kuwa ilikuwa bado mbichi.

"Umekuja kutusaidia?" Asadi akauliza.

"Nimekuja kudaka."

Asadi, ambaye ndiye nahodha, hakuuliza atadaka goli la nani. Akaendelea kupaka.

Mchezo ulipoanza, Thabiti alivuka uwanja mzima akaenda kusimama kwenye goli la wapinzani. Walikuwa timu ya chuo cha uuguzi, na golikipa wao, kijana mwenye akili zake kutoka Nanyamba, alimvulia glovu, akaenda kukaa nje ya mstari, akaanza kula mabibo. Mwambao walishambulia mpaka wakaishiwa pumzi. Thabiti alidaka mipira ya juu, ya chini, na ule mmoja wa Asadi ambao mtu aliye hai asingeufikia. Kipindi cha pili timu zilipobadilishana magoli, naye alibadili. Pale Mwambao walipolenga, ndipo aliposimama.

Mwalimu Hashimu, mlezi wa michezo wa chuo na mgawa alama za mafunzo kwa vitendo, alimwendea mwamuzi akiwa na hasira. Hasira ya mtu anayeona haki yake inaliwa, ingawa haki na mwalimu huyu walikuwa hawajasalimiana siku nyingi.

"Lukasi, yule ni mchezaji wetu! Mtoe nje!"

Lukasi akafungua karatasi ya majina. "Hayumo, Mwalimu. Mlimfuta wenyewe, hata matanga hayajaanuliwa. Mtu asiyekuwepo nitampa vipi kadi?"

Mchezo ukaisha bila bao.

Hapo Mwambao pazima palijua Thabiti alikufaje, na hakuna aliyepata kulisema. Alipigwa goti la tumbo mazoezini, bahati mbaya ya mpira. Jioni tumbo likawa gumu. Asadi akakimbia nyumbani kwa Mwalimu Hashimu, kule Rahaleo, kuomba gari la chuo. Gari lilikuwa mlangoni, limewashwa, limejaa viti vya plastiki na mapambo, kwa kuwa kesho yake ilikuwa sendofu ya binti wa Mwalimu. Mwalimu alisema magolikipa wote wanadeka, kijana akalale, viti vitangulie ukumbini. Alfajiri Thabiti hakuamka. Tangazo la chuo lilisema amefariki kwa homa ya ghafla.

Alizikwa kwao Kitaya. Mazishini, kama ilivyo ada, msemaji aliomba yeyote aliyekosewa na marehemu amsamehe, maana binadamu hatukosi kukwaruzana. Watu wakaitikia, "Tumemsamehe." Aliyeitikia kwa sauti kuliko wote, akiwa safu ya mbele na kofia mpya ya kufuma, alikuwa Mwalimu Hashimu. Sauti yake ilifika ndani, walikokaa wanawake, na Bi Subira, mama wa marehemu, aliisikia na akaiweka. Waliomsamehe Thabiti walikuwa wengi. Aliyemwuliza Thabiti kama na yeye kawasamehe hakuwepo. Ada yenyewe haina nafasi hiyo, na ndiyo maana mtu alilazimika kuja mwenyewe.

Bi Subira naye alikuja. Aliwaachia wifi zake korosho za kuokota, akahamia kwa dada yake Rahaleo, na kila penye mchezo wa Mwambao alitandika mkeka nyuma ya goli alilosimama mwanawe. Waliodhani mwanamke mwenye jina lile atakuwa mpole walikosea. Subira yake ilikuwa ya kumngoja mtu ajikwae. Mwanawe alipodaka, alipiga makofi taratibu huku anamtazama Mwalimu Hashimu. Alifurahi, na hakuficha kwamba anafurahi.

Michezo ikapita, yote bila Mwambao kupata bao. Mwalimu aliwaita wachezaji darasani, akaandika kwenye ubao matumaini ya msimu uliobaki. Mabeki walikuwa wazuri na wangeweza kuambulia sare, lakini sare peke yake zingewashusha daraja. Walihitaji kushinda mara moja tu. Bao moja. Mwalimu alikuwa na haraka na bao hilo, kwa sababu kiti cha makamu mkuu wa chuo kilikuwa wazi, na mkuu alikuwa mtu wa kupenda vikombe.

Kwanza akaletwa mganga. Mganga alimtazama Thabiti kipindi kizima, akakusanya vibuyu vyake. "Huyu si jini," akasema. "Huyu ana haki yake. Mimi natoa majini." Akaomba nauli, akaondoka.

Ndipo Mwalimu akabisha hodi kwa dada yake Bi Subira, na mfuko wa sukari mkononi.

"Mama Thabiti, tunakuomba uongee na kijana. Anawaumiza wenzake."

"Kijana yupi tena, Mwalimu? Si mlisema kafa na homa?"

"Mama, yaliyopita si ndwele."

"Kwako wewe hayajakuuma, ndiyo maana si ndwele." Bi Subira hakuupokea mfuko. "Siku ile mazishini ulisema 'tumemsamehe' kwa kelele kunishinda mimi niliyemzaa. Mwanangu alikukosea nini?"

Mwalimu akauhamishia mfuko mkono wa pili.

"Sasa nenda kamwulize na yeye kama kakusamehe. Na useme kwa lipi, watu wasikie. Radhi haiombwi kwa jumla kama salamu za mkutanoni. Ukisema, nakunja mkeka wangu narudi Kitaya, na yeye anarudi. Sina lingine ninalolitaka kwako, hata hiyo sukari."

Mchezo uliofuata, Mwalimu Hashimu aliazima kipaza sauti. Alisimama kwenye kisanduku cha penalti, uwanja ukanyamaza, hata wauza karanga. Thabiti alikuwa anakaza glovu. Mwalimu akakohoa.

"Kama kuna mahali tulimkosea kijana wetu, basi tunaomba radhi."

"Kama?" Thabiti akauliza.

Mwalimu akarudia maneno yake, na "kama" ikarudi nayo. Alijaribu mara ya tatu, na neno lile likatangulia tena, maana nyuma yake kulikuwa na gari, na viti, na sendofu, na kiti cha makamu mkuu. Mwamuzi akapuliza filimbi. Kuanzia siku hiyo akina mama waliokwisha kujiunga na Bi Subira nyuma ya goli walimwita Mwalimu Kama, na walikuwa na wimbo wake, mfupi, wenye mahadhi ya ngoma za unyagoni, ambao haufai kuandikwa hapa.

Ukafika mchezo wa mwisho. Bado bila bao, dakika zimekwisha, Mwambao wakapata penalti. Ndiyo bao lenyewe lililobaki la msimu mzima. Asadi akatenga mpira. Thabiti akasimama katikati ya goli, sanda imefungwa vizuri kiunoni.

Asadi hakurudi nyuma kuchukua kasi. Alisimama pale pale penye mpira, akasema kwa sauti ya kawaida, na kwa kuwa watu walikuwa kimya, wote wakasikia.

"Nilienda kuomba gari. Lilikuwepo, limewashwa. Mwalimu Hashimu akasema viti vya sendofu vitangulie, wewe unadeka. Mimi nikaogopa kunyimwa alama, nikarudi nikakwambia gari bovu. Nilikudanganya, na wewe ukasema haya, tungoje kuche. Nisamehe kwa hilo."

"Kwa hilo lako nimekusamehe," Thabiti akasema.

Akasogea kando, akaegemea nguzo ya goli. Goli likabaki wazi, wavu mtupu, na mikorosho inaonekana kwa nyuma.

"Piga!" Mwalimu Hashimu akapiga kelele kutoka kwenye benchi. "Piga, mjinga wewe, goli liko wazi!"

Asadi aliliangalia goli. Kisha akamwangalia Mwalimu, mpaka Mwalimu akanyamaza. Kisha akaupiga mpira nje ya nguzo, taratibu, kwa makusudi kabisa. Ukabingirika, ukaupita mstari wa chokaa, ukasimama kwenye mkeka wa Bi Subira. Naye mama akaufuta vumbi kwa pindo la kanga, akaupakata.

Mwambao wakashuka daraja. Alama za Asadi za mafunzo kwa vitendo zikapotea, na mpaka leo zinatafutwa. Waliosikia maneno yake uwanjani walikuwa mamia, na mkuu wa chuo alikuwa mmojawapo, lakini alisema maneno ya kwenye penalti hayana muhuri. Tangazo la homa ya ghafla halijabadilishwa. Mwalimu Hashimu amepata kiti chake.

Msimu huu umefunguliwa Jumamosi iliyopita, katika daraja la chini. Aliyepaka chokaa aliacha pengo kidogo kwenye mstari wa goli, mtu asije akachafua miguu. Thabiti alifika mapema. Golikipa wa wageni alikuwa ameshaambiwa, amekuja na kiti chake.

Makamu mkuu alipewa kipaza sauti awafungulie vijana msimu. Akavisifia viatu vipya, akayasifia mazoezi, akasema matumaini ya timu ni makubwa.

"Na kama Mungu akipenda," akamalizia, "tutapanda."

"Kama," Bi Subira akaitikia kutoka kwenye mkeka wake.

Thabiti akakaza glovu.