Picha Zinahama

…na sasa mstari wa kijani umesimama tena, au haujasimama, unajivuta tu kama mtu aliyeamshwa na hataki kuamka, alishajiambia asiukodolee macho, akaukodolea, tisini na moja kwa mia, bado tisini na moja, na nyuma yake fundi wa viyoyozi yuko juu ya ngazi, kichwa kimezama darini, anazungumza na dari kana kwamba ndiyo iliyomwita, "…mkwe mzima na ndevu zake, kaja kusalimia, wiki ya tatu hii bado anasalimia tu," naye akajibu "Eeh, pole sana," bila kugeuka, maana programu mpya ilikuwa imemchorea kwenye skrini makabati yake mawili ya diski, la zamani kushoto na alama ya njano, jipya kulia, katikati mshale, na ndani ya mshale huo picha zote za hospitali zinahama, mifupa, mapafu, vichwa, matumbo, miaka na miaka ya matumbo ya watu, zinahama mchana kweupe na daktari huko juu anazifungua kama kawaida, nyumba inahamishwa na mwenyewe amekaa sebuleni anakunywa chai, hilo ndilo alilolipendea dude hili, maana zamani ulilazimika kuwatoa watu wote, uzime, uandike amri kwa mkono huku unamwomba Mungu usikosee herufi, siku hizi unaburuta kiduara kutoka huku hadi kule, unabonyeza, unangoja, na programu haiachii upande wa zamani mpaka ihakikishe upande mpya umepokea kila kitu, kwa hiyo asubuhi alipoingia akakuta diski moja ya kabati la zamani imekufa na jirani yake anakohoa, hakupiga kelele, alivaa koti la baridi la chumba cha mashine, akaichukua kazi iliyopangwa kufanywa Jumapili akaianzisha pale pale, mikono imetulia, bosi akampita akasema "Mama Diski bwana, hana presha," na presha alikuwa nayo, tena ya kumwaga, kwa sababu nakala za akiba zipo, lakini ni za jana, za watu wote ni salama isipokuwa za leo, na leo, kabla ya kazi, kabla hata lango la wagonjwa halijajaa, alikuwa amelala ghorofa ya chini kwenye kile kitanda chembamba, mpimaji akimpaka ute wa baridi tumboni, akisogeza kifaa, akinyamaza, akinyamaza mno, halafu, "Huyu hapa, mama, sikiliza," na chumba kikajaa mdundo, wa haraka, kama mtu anayekimbilia kwao, akaambiwa "Picha nimeihifadhi, daktari ataiona," nayo ikahifadhiwa wapi kama si ndani ya lile kabati linalokohoa…

"…na anakoroma, huyo mkwe! Ukuta unatetemeka," dari ikasema, akacheka kidogo, akapapasa pale tumboni palipokuwa pananata bado kwa ule ute, kila kitu cha hospitali hii kinapita mikononi mwake na hajawahi kufungua hata picha moja, si haki yake, anaona ukubwa na mwendo, sura haoni, wala leo hafungui, ila alichofanya ni kukisogeza kitufe cha mwendo kulia kabisa, hadi mwisho, picha zikimbie, zitoke humo upesi, hata kama za madaktari zitachelewa kufunguka, kwa sababu kwa mimba ya kwanza hakukuwa na picha, na kwa ya pili ilikuwepo lakini hakukuwa na mdundo, na mume wake, seremala, alikuwa ameshachonga kitanda kidogo, maskini wa watu, akakifungua Jumamosi moja parafujo kwa parafujo, akakigeuza rafu ya viatu, na kila mgeni anayeingia anaisifu, "Rafu nzuri hii!" naye anaitikia asante, ndiyo maana safari hii hakumwambia, kichefuchefu akakiita vidonda vya tumbo, mwezi wa tatu umekatika, anabeba peke yake kama mtu aliyebeba maji kiganjani… simu ya mezani ikalia, chumba cha eksirei, "Mama Diski, picha zinajikokota, na hapa tuna dereva wa pikipiki kagongwa, daktari anataka kuona nyonga yake sasa hivi," akajibu "Dakika moja," akajua wala haihitaji dakika, akakitazama kile kitufe alichokibana kulia tangu asubuhi, hajamwambia mtu kwa nini, akakirudisha kushoto, mstari ukazidi kujivuta, dereva akapata nyonga yake, "Zimefunguka, ubarikiwe," na yeye akangoja woga umvamie, akangoja, haukuja, kilichokuja ni kitu cha kijinga hadi akaona aibu, kwamba kabati likifa saa hii, diski zote zikazimika kama taa, kitapotea kivuli tu, mwenyewe hayumo mle, yumo humu, ndani ya koti hili la baridi, amekaa zake, na asubuhi nzima yeye amekuwa akilinda kabati, jamani, akilinda chuma, akacheka kwa sauti na fundi akauliza "Mkwe wangu ndiye anayekuchekesha hivyo?" akasema "Huyo huyo, baba," na simu yake ya mkononi ikatetemeka mfukoni, seremala, saa yake ya kila siku ya kumjulia hali, "Vipi, umekula?" na mdomo ukamtangulia, "Tumekula," huko kwake msumeno ukazimwa, "Umekula na nani?" angeweza kusema na wenzangu wa ofisini, neno lilikuwa tayari ulimini, jepesi, linaijua njia, akaliacha lipite, akasema "Kaa chini kwanza," akasikia kiti kikiburutwa kwenye sakafu ya maranda, akasikia pumzi yake karibu kabisa na sikio, "Haya, nimekaa," akasema yule mwanaume, sauti imebadilika, na yeye akageuka, akaupa mstari wa kijani mgongo, akaanza kumweleza.