S za Wifi

Jina la Nusu hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wifi yake, sebuleni, mbele ya wageni. Mume wake alikuwa anamtambulisha kwa mjomba aliyetoka mbali. "Mke wangu huyu, mjomba. Alisomea ufundi wa meno ya bandia." Wifi akadakia kutoka jikoni, "Alisoma nusu!" Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Kuanzia siku hiyo ikawa Nusu lete maji, Nusu sogeza kiti, hata watoto wa jirani wakadhani ndivyo alivyoandikwa kwenye kitambulisho.

Jina lenyewe angelimeza. Kilichomkaba ni kwamba nusu ile nyingine aliikata wifi huyo huyo. Asubuhi ya mtihani wa mwisho Nusu alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Wifi alikuwa ameahidi kwa mdomo mpana kabisa, "Mlete kwangu, we nenda kafanye mtihani wako. Shangazi yake si nipo?" Nusu alipofika alikuta kufuli mlangoni. Akagonga, akaita, akazunguka uani. Jirani akachungulia akamwambia mwenye nyumba kaenda kusukwa. Hadi alipopata mtu mwingine wa kumshika mtoto, wenzake walishatoka kwenye chumba cha mtihani, wanabishana kuhusu swali la mwisho. Jioni wifi alirudi na mistari mizuri kichwani. "Jamani," alisema, akijipapasa kisogo, "nilipitiwa."

Nusu hakulia wala hakugombana. Alilea watoto, akauza vitu vya plastiki sokoni, akasubiri. Mtoto wa mwisho alipoanza shule, akarudi chuoni kuanza upya.

Msije mkadhani alirudi kwa kupenda shule. Chuo hakikumpendeza hata kidogo. Madawati yalikuwa yametengenezewa watu wasio na kiuno. Wanafunzi wenzake walimwita Bimkubwa na kumwachia kiti cha mbele kama mgonjwa. Majina ya misuli ya taya aliyakariri huku anakuna sufuria, na yalimtoka kila alipofunua karatasi ya mtihani. Alishindwa somo moja, akalirudia, akalishindwa tena, akalirudia tena. Kila alipotaka kuacha, alifumba macho akaiona ile kufuli, akafungua daftari.

"Wewe unasoma kwa hasira," mume wake alimwambia siku moja.

"Wenzangu wanasoma kwa mkopo. Kila mtu na chake."

Kilichompa raha kidogo kilikuwa karakana. Hapo alipasha nta ya waridi juu ya moto mdogo, akapanga juu yake meno ya bandia moja moja, akaliegemeza hili, akalisimamisha lile, mpaka kipande cha nta kikaanza kufanana na mtu anayetaka kucheka. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na hilo hata waliomcheka walilikubali.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa vitendo. Kila mwanafunzi alipewa mgonjwa wa kweli kutoka kwenye foleni ya kliniki ya chuo, mtu asiye na meno ya juu, amtengenezee. Mwalimu wa kliniki alichukua vipimo vya fizi, mwanafunzi akapanga meno kwenye nta, kisha mgonjwa akayavaa mbele ya mtahini na kuongea. Hapo ndipo watu wengi walipoangukia. Meno yanaweza kupendeza kama ya kwenye picha, lakini mgonjwa akifungua mdomo, s zote zinavuja. Mtahini akisikia kithembe, umekwisha. Unarudi mwakani.

Nusu alipoitwa kumpokea mgonjwa wake, alimkuta mwanamke aliyejifunika mtandio mpaka puani. Mtandio ulipoteremka, wakatazamana.

Ni kweli kwamba familia ilikuwa inajiuliza wifi amepatwa na nini. Yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo. Harusi haikuanza mpaka ameongea, msiba haukuisha mpaka ameongea. Sasa ilikuwa miezi hajaonekana popote. Kila akialikwa anaumwa. Kumbe meno ya juu yameng'oka yote, na amekuja kwenye kliniki ya wanafunzi, mbali na nyumbani, ili asionwe na mtu anayemjua.

"Mnafahamiana?" mwalimu aliuliza. "Nikubadilishie mgonjwa?"

"Namfahamu kidogo," Nusu alisema. "Niachie huyu huyu, mwalimu."

Wifi alitaka kuinuka, lakini foleni nyuma yake ilikuwa ndefu, na harusi ya mtoto wa kaka yake mwingine ilikuwa inakaribia. Akakaa.

Siku zote za kupanga yale meno, Nusu alikuwa na furaha mbaya kifuani. Alijua kabisa cha kufanya. Angesukuma yale mawili ya mbele nje kidogo tu, unene wa kucha, na wifi angepiga mluzi kila akisema s mpaka siku ya kuzikwa kwake. Akiwa na patasi ndogo ya nta mkononi alimwona amesimama harusini, kipaza sauti mdomoni, anawasalimia waheshimiwa kwa mluzi. Alicheka peke yake karakanani mpaka aliyekaa jirani akamuuliza kama yuko sawa. Lakini mluzi wa wifi ungekuwa pia kifo cha stashahada yake, kwa mara ya pili, kwa mkono wake mwenyewe. Akayapanga meno vizuri. Aliyapanga vizuri kuliko alivyowahi kumpangia mtu yeyote, na kila jino alilotia alilitukana.

Kisasi chake alikiweka kwenye sentensi. Kanuni ilisema mwanafunzi ataandika mwenyewe maneno ya kumpima mgonjwa, ilimradi yajae s. Nusu aliandika: *Wifi yangu si nusu, ni msomi, amesoma sana na sasa anamaliza masomo.* Mwalimu aliipitia, akahesabu s, akasaini.

Asubuhi ya mtihani, mtahini alikuwa mzee mkavu aliyetoka chuo kingine. Alikaa akiwa amefumba macho, kama mtu anayesikiliza redio. Nusu alimvalisha wifi meno ya nta. Yakakaa. Uso uliokuwa umebonyea ukajaa, na wifi, alipojiona kwenye kioo, alisahau kununa kwa muda mfupi. Kisha akapewa karatasi asome.

Alisoma kwanza kimoyomoyo. Akamtazama Nusu, naye Nusu akamtazama bila kupepesa.

"Soma kwa sauti, mama," mtahini alisema.

"Wifi yangu thi nuthu," wifi alisoma, "ni mthomi, amethoma thana..."

Mtahini alikunja uso. "S inavuja. Rudia."

"Wifi yangu thi nuthu."

Nusu aliinama. Kisha akamtazama wifi mdomoni na akaona ulimi. Ulikuwa unachomoza makusudi katikati ya meno, kama wa mtoto anayemzomea mwenzake. Wifi alikuwa amegundua kwamba kufuli iko mkononi mwake tena.

"Una dakika chache za kurekebisha," mtahini alisema. "Utasogeza nini?"

Mwanafunzi mwoga angeshika patasi hapo hapo, akayasukuma meno yaliyokaa sawa, akaharibu kila kitu. Nusu aliiweka patasi mezani.

"Sisogezi kitu, mwalimu. Naomba niongee naye kidogo, umsikie akiongea kwa kawaida."

"Ongea."

Nusu akavuta kiti karibu, akalainisha sauti kama mtu anayemuuliza mgonjwa hali. "Wifi, yule msusi wako wa siku ile bado yupo? Maana naona siku hizi nywele zimebaki za kuhesabu. Kumbe hata zile ulizonifungia mlango kwa ajili yake hazikukaa."

"Usinisimange!" Wifi aliruka kitini. "Usinisimange mbele za watu, sikusikilizi! Nani alisababisha usifaulu? Mimi? Si uzembe wako? Sisi ndio tuliokusitiri, tukakulisha, tukakuvisha, leo umesahau! Wewe ni Nusu tu! Ulikuwa Nusu, na utasoma mpaka sauti ikauke, bado ni Nusu! Nusu! Nusu! Umesikia?"

"Nimesikia," alisema mtahini.

Alikuwa amefumbua macho. Aliinua mkono, akaandika kitu, kisha akamgeukia mwalimu wa kliniki, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akaonyesha meno yake mwenyewe.

"S zote zipo. Hata moja haijavuja, na ameongea kwa kasi ambayo sijawahi kumpima nayo mgonjwa. Amefaulu. Nani anafuata?"

Wifi alibaki amesimama, kidole bado hewani, mdomo wazi. Ilimchukua muda kuelewa alichokifanya. Alipoelewa, alijiziba mdomo kwa kiganja, lakini maneno yalishatoka, mazuri, masafi, yamenyooka, na yote yalikuwa yameandikwa upande wa Nusu.

Mtahini na mwalimu wakahamia meza ya pili. Wakabaki wawili.

"Umenichezea," wifi alisema kwa sauti ya chini.

"Nilipitiwa."

Wifi alishusha macho. Alipoyainua, alikuwa bado anatafuta pa kuuma. "Na umri wako huu," alisema, "miaka yote hii unakaa na watoto wadogo, unakariri vidudu, unashindwa, unarudia. Hebu niambie ukweli. Hicho chuo kilikufurahisha?"

Nusu alifikiri. Swali lilikuwa la kumsuta, lakini alilipa jibu la haki, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Hapana," alisema. "Karibu kila siku nilikichukia. Nilichukia kuamka, nilichukia madawati, nilichukia kuitwa Bimkubwa. Kama mtu angeniuliza jana, ningemwambia hakina raha yoyote." Akavaa glavu mpya, akazivuta vizuri kwenye vidole, moja baada ya nyingine, bila haraka. "Raha yote wameniwekea leo."

Wifi akaanza kusogea mlangoni.

"Na usiondoke na hiyo nta, itayeyuka kwenye chai. Meno yenyewe yatakuwa tayari kabla ya harusi, na utakuja mwenyewe kuyachukua kwangu, maana lazima niyapime mdomoni. Kaa. Egemea nyuma." Alivuta taa karibu na uso wake. "Haya, fungua mdomo."

Wifi alikaa, akaegemea nyuma, akafungua mdomo.