Jiwe la Tangini

Kila asubuhi Mama Salvina alitua ndoo, akashika ncha ya kanga yake na kuufuta mstari wa tatu wa lile jiwe la tangini. Aliufuta taratibu, kama anayemfuta mtoto makamasi. Mimi niliyeutunga mstari ule nilipita mbio kwenda seminarini kufundisha Kilatini, macho chini, moyo ukinisuta.

Nieleze nilivyojitia aibuni. Mwaka ule wa uchaguzi, tisini na tano, mheshimiwa mmoja aliyetaka kura zetu alitujengea tangi la maji kijijini kwetu, huku juu ya Moshi. Saruji alileta yeye. Mfongo, yaani mfereji wa kuyaleta maji kutoka mtoni, tuliuchimba sisi, kila kaya mtu mmoja, kama walivyofanya babu zetu. Ukingo ukaporomoka ukamfukia Sirili, mume wa Salvina. Tulimfukua amekwisha kufa. Mkutano wa kijiji ukaamua jina lake liandikwe kwenye jiwe la ufunguzi, na kazi ya maneno nikapewa mimi, msomi.

Msomi, lo! Miaka yote nilikuwa nimezama katika mashairi ya Roma ya siku zile Kaisari Augusto alipoujaza mji mahekalu ya marumaru, na washairi wakamsifu mpaka basi. Mheshimiwa aliniahidi barua ya kunipeleka huko huko Roma kusoma. "Usilitie jiwe langu habari za msiba," akaniambia. Nikatunga beti za Kilatini, jina lake katikati, la Sirili halimo. Nani angejua? Siku ya uzinduzi Salvina, ambaye hajui kusoma, aliniuliza jina la mumewe liko wapi. Nikamwonyesha mstari wa tatu, ule wa mheshimiwa. Mungu anisamehe, nilimwonyesha kwa kidole changu hiki.

Barua haikuja. Kilichokuja, miaka miwili baadaye, ni swali la mwanafunzi wangu Denis, tukisoma shairi la kusifu hekalu.

"Mwalimu, waliobeba yale mawe wametajwa wapi?"

"Hawakutajwa."

"Mshairi hakuwaona?"

"Aliwaona," nikasema, na chaki ikanivunjikia mkononi.

Jioni ile nilikata jani la isale, nikalifunga fundo, nikaenda kwa Salvina. Kwetu, anayekuja na isale kuomba msamaha harudishwi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Na hilo isale?"

Nikamweleza yote. Alilipokea, akalichomeka juu ya mlango.

"Binti yangu Hilda alinisomea siku ile ile ya uzinduzi," akasema. "Kilatini hakijui, lakini jina la baba yake analijua."

Nilitamani ardhi inimeze. "Sasa mama, miaka yote miwili ulikuwa unafuta nini?"

"Nilikuwa nakusafishia, usije ukasingizia vumbi." Akachukua ndoo yake. "Haya, twende ukanisomee."

Tangini tulikuta akina mama kwenye foleni. Nikasoma Kilatini, kisha nikakifasiri kwa Kiswahili, jina la mheshimiwa na sifa zake zote. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi.

"Soma tena, mwalimu," Salvina akasema. "Kwa sauti. Ukifika mstari wa tatu, simama. Hapo ndipo uliponionyesha jina la Sirili."

Nikaanza upya. Nilipofika mstari wa tatu nikasimama, na mmoja wa wale akina mama akafunga bomba la maji aliyoyafia Sirili.