Mwito wa Mlima

Hedwiga, mjane wa Aminieli, alimkabidhi Elinaza karatasi mbili zilizochapwa, akizishika kwa mikono miwili.

"Shemeji, wewe ndiye utakayesoma wasifu kesho. Hapa Gonja nani mwingine anaujua mpira wake?"

"Nitasoma," Elinaza akasema. Hakupenda, lakini ombi la mfiwa halikataliwi.

Akazipeleka nyuma ya nyumba, akaketi kwenye jiwe kando ya migomba, akaanza kusoma maisha ya Aminieli. Alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara. Akachezea timu ya kata. Akachukuliwa na klabu ya Dar es Salaam. Beki wa kati misimu kumi na saba, kadi nyekundu mbili tu. Akasomea ukocha, akarudi kufundisha timu ya Same miaka mitano, hadi figo zilipomlaza.

Elinaza alisoma akifuatisha kwa kidole, akilitafuta jina lake. Hakuliona. Kwenye ukurasa wa pili kidole kikasimama: "Marehemu ndiye aliyebuni mwito wa Mlima, uliowafanya washambuliaji wengi nchini waotee."

Uwanja wa Gonja umeinama. Goli la kanisani liko juu, la korongoni liko chini. Mabeki wanaolinda goli la chini, wakitaka mshambuliaji aotee, lazima wapande wote kwa pamoja kabla mpira haujapigwa. Anayechelewa anaharibu kazi ya wenzake. Elinaza ndiye aliyeanza kupaza sauti "Mlima!" ili wapande kwa hatua moja, enzi hizo wakiwa na miaka kumi na tisa. Na aliyekuwa akichelewa kila mara ni Aminieli.

"We Aminieli, miguu yako imeota mizizi?" alikuwa akimgombeza.

"Nisubirini kidogo, na mimi ni mtu," mwenzake alikuwa akijibu, akicheka.

Kisha huyo mtu wa kusubiriwa akaenda kuupiga mwito ule kwenye viwanja vya tambarare, visivyo na hata kichuguu, na watangazaji wakaushika. Majirani walikuwa wakikusanyika kwa Elinaza kusikiliza mechi. Siku moja mtangazaji aliposema "Mlima wa Aminieli", Elinaza akaizima redio, akatoa betri, akazianika juani akidai zimekwisha nguvu. Zilikuwa na siku mbili tangu zinunuliwe.

Sasa kalamu ilikuwa mfukoni. Akalikata neno "Marehemu", juu yake akaandika "Elinaza". Akalitazama jina lake hadi wino ukakauka.

Kesho yake kanisa lilijaa hadi nje. Wachezaji wa Same walikaa mbele na jezi zao. Elinaza akavaa miwani, akasoma vizuri, sauti haikutetemeka, hadi akaufikia mstari ule. Hapo akayaona maneno yote mawili, jina lake kwa mwandiko wake juu na neno lililokatwa chini, na asubuhi moja ya zamani ikamjia bila kuitwa.

Alikuwa kwenye ndiva, lile bwawa la kijiji ambalo maji yake hugawiwa mashambani kwa zamu. Kumepambazuka tu. Aminieli akatokea, viatu vya mpira vikining'inia shingoni.

"Twende Same. Wale wanaotafuta wachezaji wanafika saa tatu."

"Leo zamu yetu ya maji."

"Mwachie mdogo wako jembe."

"Nenda wewe. Watarudi."

Hawakurudi. Na kwa miaka thelathini Elinaza amekuwa akiwaambia watu kwamba hakuna aliyemwambia habari za siku hiyo.

Akauruka mstari. Akasoma ule wa chini yake, akamaliza, akaketi.

Walipotoka kwenda kuzika, nahodha wa Same, kijana aitwaye Rodgers, akamsogelea.

"Shikamoo mzee. Umeruka Mlima, mwito aliotufundisha kocha."

"Marahaba. Macho yangu hayaoni vizuri."

"Na miwani umevaa," Rodgers akasema kwa upole, akaenda kushika jeneza na wenzake watano.

Kaburi lilikuwa upande wa juu wa nyumba, kwenye shamba la baba yake Aminieli. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ikawa utelezi mtupu. Wa mbele walivuta, wa nyuma wakateleza, kila mmoja akatafuta pa kukanyaga kivyake. Jeneza likainama upande. Wanawake wakashika vichwa.

"Mlima!"

Elinaza mwenyewe hakujua kwamba angeita. Vijana sita wakapanda hatua moja, pamoja. Jeneza likakaa sawa.

"Mlima!" Hatua nyingine. Aliita hivyo hadi walipofika juu, na hakuna aliyegeuka kuangalia nani anaita. Hata Hedwiga alikuwa akilitazama jeneza.

Eliufoo, aliyekuwa golikipa wao zamani, akamnong'oneza, "Hiyo sauti naijua. Ilikuwa ikinipasua masikio golini."

"Wao wamedhani mwito ni wake Aminieli."

"Sasa si umeunyamazia kanisani? Ulitaka wajueje?"

Kaburi lilipokwisha kufukiwa na watu wakaanza kuteremka kwenda kula makande, Elinaza akamrudishia Hedwiga karatasi.

"Shemeji, nimeichafua. Kuna mstari sikuusoma."

Hedwiga akaufungua ukurasa wa pili, akaona palipokatwa.

"Ni kweli hii?"

"Ni kweli. Lakini kuna jingine. Siku ile ya kuchaguliwa alipanda hadi ndiva kuniita. Mimi ndiye niliyekataa kwenda. Watu nimewaambia vingine."

"Aliniambia alikuita," Hedwiga akasema. "Nilikuwa nangoja siku utakayosema wewe." Akamrudishia karatasi. "Liandike na hilo. Watoto wake wataisoma hii nitakapokuwa sipo."

Elinaza akarudi kwenye lile jiwe kando ya migomba. Akaugeuza ukurasa upande usio na kitu, akatoa kalamu. Alitaka sana kuanza na jina lake. Akaandika: "Aminieli alikuja kuniita." Iliuma, naye akaendelea kuandika.