Tarehe Niliyoisahihisha kwa Kalamu

Salim aliingia chumba changu cha skani pale Malaba saa sita na robo mchana, mkononi ana bahasha iliyolowa chai. Ni muuza vipuri, mtu wa mizaha, lakini siku hiyo hakunitania.

"Dada Zilpa, nisaidie na copy ingine ya skani ya bibi yangu Maimuna. Daktari anasema mtoto amepitisha siku, na vile wa kwanza alitoka kwa operesheni, wanampasua saa saba."

Nikaifungua kompyuta. Hapa lazima nieleze, ingawa naona haya. Kompyuta yangu ya zamani ilikufa mwanzoni mwa Januari. Mpya ikaikataa programu ya mashine yangu, programu ya enzi zile, ambayo hata walioitengeneza walishafunga ofisi. Quinton, fundi wa hapa sokoni, akaidanganya kompyuta mpya ijifanye ya zamani. Programu ikafunguka, ila kwa majaribio ya siku thelathini. Zilipoisha ikagoma, na Quinton akacheka.

"Madam, rudisha tu tarehe nyuma. Hiyo kitu haijui kalenda."

Basi kila asubuhi niliirudisha kompyuta hadi tarehe kumi na tano Januari, nikapima wajawazito, nikachapisha ripoti, kisha nikaikata tarehe ya kipimo iliyo juu kwa kalamu na kuandika ya kweli. Nilijiona mwerevu, tena mwaminifu.

Ripoti ya Maimuna ikatokea. Nilimpima tarehe tano Machi. Mimba: wiki thelathini. Kujifungua: tarehe ishirini na sita Machi.

Nikaisoma tena. Kutoka thelathini hadi arobaini ni wiki kumi, si tatu. Nikahesabu kwa vidole. Programu ilianza kuhesabu kutoka ile Januari yake ya uongo. Mimi nilisahihisha tarehe ya juu, ya chini, ya kujifungua, sikuigusa, na ya chini ndiyo wakunga hunakili kwenye kitabu cha kliniki. Leo ilikuwa tarehe sita Aprili. Mtoto hakuwa amepitisha siku yoyote. Alibakisha wiki tano na zaidi.

"Iko sawa?" Salim akauliza.

Nitasema ukweli: kitu cha kwanza nilichofikiria ni leseni yangu. Kisha nikaiona saa ya ukutani, saa saba kasoro dakika ishirini na tano.

"Mpigie Maimuna! Wasimguse!"

"Simu yake niko nayo mimi."

Tukapanda boda moja. Malori yalikuwa yamefunga barabara kutoka mpakani, nasi tukipenya kando ya magurudumu, Salim nyuma yangu akiuliza kuna nini, kuna nini. Nilimwambia tu dereva aongeze mwendo.

Hospitalini tulimkuta Maimuna kitandani, ameshavalishwa gauni la kijani la upasuaji. Mama yangu alizoea kusema mficha uchi hazai. Nikamwendea Sista Brendah, msimamizi wa wodi, nikasema mbele ya wote.

"Hiyo tarehe ni ya makosa, Sista. Makosa ni yangu. Imekosea wiki saba."

Akasoma, akahesabu, akamwita daktari. Daktari akapima tumbo kwa utepe, akapima tena, akaagiza Maimuna avuliwe gauni. Salim akaketi sakafuni. Maimuna akalikumbatia tumbo lake, akasogea mbali nami.

Nilikuwa ndio nimeanza kupumua Sista Brendah aliponigeukia.

"Umepima wamama wangapi tangu uanze hii maneno?"

Sikuwa nimewafikiria. Hata kosa la Maimuna nililigundua kwa sababu tu mumewe alimwaga chai.

"Sitini na tatu."

Akanivutia kiti. "Namba zao si uko nazo? Anza na wale tarehe yao ilishapita."

Wa kwanza kumpigia alikuwa mama mmoja wa kule Amukura. Akapokea simu kwa furaha.

"Madam Zilpa! Wacha nikuambie, walinipasua juzi. Katoto ni kadogo sana, bado kako kwa mashine. Asante sana kwa kutukumbuka."